Kiti cha Melania

Kufikia saa tisa alasiri watu wote walikuwa wameshaondoka barazani isipokuwa watatu, na mmoja kati ya hao watatu alikuwa marehemu.

Atuganile Mwasomola aliyasoma majina hayo kwenye skrini, akayasoma tena, kana kwamba yangepungua kwa kusomwa. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe, mlezi wa baraza. La pili lilikuwa la Mwalimu Evodi Rwegasira wa Muleba. La tatu, Melania Kihwele, mke wa huyo Evodi, lilikuwa limeandikwa kwa kijivu, rangi waliyopewa wote waliokufa bila kunyamaza.

"Dada Atu," alisema Pendael, injinia wa zamu, akichungulia mlangoni na koti lake zito, "umeme wa ukumbi huu unakatwa jua likizama. Simkati mtu mimi. Unakatwa kutoka kwa wakubwa, na wakubwa hawapokei simu Ijumaa jioni."

"Najua."

"Nakukumbusha tu. Juzi alikuja jamaa kuhamisha nyimbo za kwaya, kila nikimwambia anasema anajua, anajua. Sasa kwaya nzima inaimba kwa kukumbuka."

Nje, baridi ya Mafinga ilikuwa imeanza kushuka kutoka kwenye misonobari. Baridi hiyo ndiyo iliyoleta mitambo ya kompyuta huku, ipozwe bure na hewa ya mlimani. Siku hizi kampuni yenye mitambo imepata baridi ya bei nafuu zaidi chini ya bahari, na chochote ambacho hakuna anayekilipia hakihamishwi. Baraza la Watani halilipiwi na mtu. Ni la mashabiki, na shabiki, kama ujuavyo, ana mapenzi mengi na mfuko mwepesi.

Lilianza kwa hasira. Redio ilikuwa ikitangaza mchezo uitwao *Watani wa Mwezini*, visa vya kitongoji kimoja kule juu ambako Wahehe, Wahaya, Wasukuma na wengineo walihamia na ugomvi wao wote wa huku chini. Siku moja mchezo ukakatishwa bila taarifa, Kapteni Bulongo akiwa amefungiwa nje ya lango na hewa ya kubahatisha. Mashabiki wakangoja wiki, wakangoja mwezi. Mwishowe mzee mmoja wa Lushoto, Hizza Shemdoe, akafungua baraza mtandaoni na kuandika: "Mimi siwezi kulala na mtu yuko nje. Nafungua lango." Tangu hapo hawakuacha. Kila mmoja alichukua mhusika wake, nafasi ambayo waliiita kiti, na kumwandikia kwa zamu, miaka zaidi ya thelathini, hadi mchezo wa redio wenyewe ukaonekana kuwa utangulizi tu.

Atuganile alimpigia Evodi simu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mlezi. Umeshaking'oa kiti cha mke wangu, au unanipigia kunisalimia?"

"Mwalimu, jua linashuka."

"Huku Muleba bado lipo juu. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, usinitishie jua."

"Huku litazama kabla ya huko. Hilo nalo umelifundisha."

Evodi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Mashine ya kuendeshea kiti ipo hapa sebuleni, nimeshaifungua na kuiwasha. King'oe kiti cha Melania, unitumie. Kikifika, naingia barazani na kukusindikiza wewe vizuri kabisa, tunafunga kwa amani. Kisipofika, siondoki. Nisipoondoka, unajua kitakachotokea."

Alijua. Barazani hakuna mtu aliyewahi kuondoka hivihivi. Tangu siku za Mzee Hizza ilikuwa ni adabu yao kwamba mtu akitaka kulala, mwenzake humsindikiza ndani ya hadithi: wahusika wao wawili hutoka langoni wakipiga soga hadi njia panda ya Tangi, na pale anayesindikiza husema, "Naishia hapa," naye anayekwenda hujibu, "Nashika njia." Asiyesindikizwa hajaondoka. Ilikuwa ni utani mwanzoni, kisha ikawa sheria, kama utani mwingi.

Kisha wakaununua mtambo, wakauita Mshikanafasi. Mtandao ukimkatikia mtu katikati ya zamu yake, Mshikanafasi aliandika sentensi mbili tatu kwa namna ya mtu huyo, hadithi isisimame. Mwenyewe akirudi, alimsahihisha: hapana, mimi nisingesema hivyo. Kwa kusahihishwa hivyo mtambo ulizidi kumjua. Nao walipoufundisha ni nani aliyepo na nani hayupo, waliufundisha adabu yao wenyewe: aliyesindikizwa ameondoka, wengine wote wapo. Hawakukumbuka kwamba mtu hufa. Yule wa kwanza kufa ghafla, dereva mmoja wa Kahama, zamu yake ilipofika akazungumza kama kawaida. Watu walilia, siku ya pili wakamjibu, na baada ya wiki wakawa wanamtania.

Lakini hata hayo yangekuwa na dawa, kama si wafanyabiashara waliokuja wakitaka kuvinunua viti vya kijivu, marehemu wawe wanasifia sabuni. Mzee Hizza, kwa hofu, akaitia hadithi yote kufuli moja gumu. Viti vyote vikiwa vitupu, kufuli hufunguka na hadithi huenda yenyewe Maktaba Kuu, isomwe na yeyote bure. Hata kiti kimoja kikiwa na mtu, haitoki, na mitambo ikizimwa inapotea nayo. Mzee mwenyewe alisindikizwa vizuri, akafa wiki iliyofuata, na hakumwachia mtu ufunguo mwingine.

"Mwalimu," alisema Atuganile, "na Mama Tulizo nimwambie nini?"

Mama Tulizo wa Songea alikuwa ameomba hicho hicho, kiti cha binti yake marehemu. Baraza lilikaa, likapiga kura: hakuna kiti kitakachong'olewa, wote watasindikizwa. Wiki iliyopita mama yule alimpeleka mwanawe njia panda mwenyewe, na aliandika taratibu mno hata Atuganile akadhani mtandao umekatika.

"Wewe ulinyoosha mkono, Mwalimu. Ulisema hakuna kiti kitakachong'olewa."

"Nilinyoosha," alisema Evodi. "Nilinyoosha kwa viti vya watu wengine." Akakata simu.

*

"Huyo mwalimu," Pendael aliuliza, akiwa ameketi juu ya meza bila kukaribishwa, "naye si ana nafasi ya kushikiwa kama wengine?"

"Ana nini?"

"Mtandao wake ukikatika, mtambo si unamsemea? Basi wewe ndiye mlezi. Ukate. Mtambo umsindikize bibi, kisha umsindikize na yeye, ufunge duka. Yeye atakasirika, lakini kukasirika hakuui. Hadithi ya watu wote hawa ndiyo itakayokufa."

"Toka, Pendael."

"Natoka. Nimesema tu."

Alitoka, lakini maneno yake hayakutoka naye. Atuganile alijizuia kuyafikiria, na unajua kujizuia kufikiri kulivyo. Tusimlaumu upesi. Alipokuwa msichana wa kidato cha pili, nyonga yake iliugua akalazwa Mbeya karibu mwaka mzima, kitandani, mguu umening'inizwa. Wazazi walikuwa mbali na shamba halingojei. Kila jioni, wauguzi walipozima taa za wodi, alifungua baraza kwenye simu chini ya shuka, na kila jioni kulikuwa na mtu wa kumsindikiza hadi Tangi. Wakati mwingine alikuwa ni Mama Hewa, mwenye duka la hewa, ambaye ni Melania. Wakati mwingine Kapteni Bulongo mbishi, ambaye ni Evodi. Hawa wawili walipendana palepale barazani, kwa kutukanana, na msichana yule wa wodini alisoma mapenzi yao sentensi kwa sentensi kabla ya wenyewe kuyajua. Hadithi ile ndiyo iliyomlea. Kuiacha izimwe kama taa ya choo asingeweza.

Akakata laini ya Evodi.

Jina lake halikubadilika mara moja. Kisha likafifia, likawa kijivu. Mtu mzima, mzima wa afya, pengine ameketi sebuleni kwake Muleba akitikisa kifaa chake na kukilaani, jina lake lilikuwa limelala karibu na la mkewe kwa rangi moja. Hata hivyo Atuganile aliandika: "Kapteni, Mama Hewa anaondoka leo. Msindikize."

"Kwa furaha," liliandika lile la kijivu lililokuwa la Evodi. "Twende, Mama Hewa. Umependeza."

"Leo umeamka na asali mdomoni," liliandika la Melania. "Twende."

Wakatoka langoni. Wakapita bustani ya mchicha, wakapita duka la hewa lililofungwa. Melania alieleza jinsi Dunia inavyoonekana nzuri leo upande wa kushoto. Kapteni alikubali. Melania alisema yeye ndiye aliyekiokoa kitongoji mwaka ule wa vumbi, peke yake. Kapteni alikubali, akampongeza. Melania alisema Wahaya hawajui kupika ndizi. Kapteni alisema, "Kweli kabisa, mpenzi."

Tangi lilikuwa limekaribia.

"Kapteni," Melania aliandika, "simama."

"Nimesimama."

"Dunia iko kulia. Tangu tuanze kitongoji hiki iko kulia. Mwaka wa vumbi nilikuwa nimejificha chini ya meza, na wewe unanisimanga kwa hilo kila Jumapili. Mbona hujabisha?"

"Sikutaka kukuudhi."

"Basi wewe si Evodi."

Mshale wa maandishi ulimetameta mahali pamoja. Atuganile alifahamu kosa lake papo hapo, naye alipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Kiti hukomaa kwa kushikiwa na kusahihishwa. Evodi hakuwahi kukosa zamu, hata siku ya mazishi ya Melania. Mtambo haukuwahi kumshikia nafasi, wala yeye hakuwahi kuukosoa. Ulimjua juujuu tu. Melania je? Miaka miwili sasa, tangu afe, Evodi alikuwa anamsahihisha kila jioni.

"Mlezi," Melania aliandika, "upo?"

"Nipo, Mama."

"Mume wangu yuko wapi?"

Atuganile alitaka kuandika uongo mdogo, wa mtandao. Vidole vilikataa. "Nimemkatia laini," aliandika.

"Mrudishe. Na umwambie ulichofanya, usimwachie akigundue mwenyewe. Mimi sitembei na huyu mtu wa kukubalikubali."

*

Simu iliita kabla hajamaliza kuirudisha laini.

"Kuna nini huko?" Evodi alifoka. "Nimetolewa! Nimetolewa kama mlevi!"

"Ni mimi, Mwalimu. Nilikutoa. Niliuachia mtambo ukusemee, umsindikize Melania kwa niaba yako. Yamo yote barazani, yasome."

Alisubiri matusi. Hayakuja. Alisikia pumzi za mzee akisoma, na mara moja moja kidole chake kikigonga kioo. Pendael alikuwa amerudi mlangoni, amekunja mikono.

Kisha sauti ya Evodi ikaja, imebadilika. "Amenijua."

"Ndiyo."

"Umeona, Mlezi? Amenikosa kwa kutobishana. Watoto wangu wenyewe wangedanganyika. Yeye kasimama katikati ya njia akasema huyu siye. Halafu unaniambia nikakitupe kiti! Mtu anayenijua hivi, nimtupe?" Mzee alikuwa analia, na alikuwa na furaha, na vyote viwili vilimtoka pamoja bila kupangana.

Atuganile aliegemea kiti. Yeye ndiye aliyeghushi. Aliyekataa kughushiwa alikuwa yule wa kijivu. Sasa nani kati yao alikuwa na haki ya kusema kile ni kiti tu? Aliwaza juu ya Mama Tulizo, akaona aibu. Aliiwaza hadithi, akaona jua limeshaanza kuwa jekundu kwenye vioo vya ukumbi.

"Mwalimu, nimeshindwa," alisema. "Nakutumia. Mama Tulizo nitamwendea Songea mwenyewe nipige magoti. Ingia barazani umwambie ajiandae."

Atuganile alifungua ukurasa wa viti, akafika kwenye amri ya kung'oa, akaweka kidole juu yake. Jina la Evodi lilirudi, jeusi, la mtu aliye hai.

"Mama Hewa!" aliandika. "Jiandae, unakuja nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Muleba, kwani una nyumba ngapi? Mlezi amekubali. Alikuwa na wasiwasi kama wewe ni wewe. Mwambie basi. Ile asubuhi ulipotoka kwenda sokoni, nilikuambia nini mlangoni?"

Melania hakujibu upesi. Mshikanafasi hujibu upesi siku zote, ndiyo kazi yake. Atuganile aliinua kidole juu ya amri bila kujua kwa nini.

"Sijui," Melania aliandika.

"Jaribu. Ulikuwa na kikapu."

"Sijui, Evodi. Sikuja kukiandika huku. Mimi ni yale niliyoandika humu na yale uliyoniandikia. Asubuhi ile sikurudi kuandika."

"Sio neno. Nitakuambia mimi, kisha utajua."

"Ngoja kwanza. Ukitaka, naweza kukuambia sasa hivi ulichosema pale mlangoni, na litakuwa jambo zuri, na utalia. Kubuni ndiyo kazi tuliyofundishana hapa miaka yote. Ukinipeleka nyumbani utaniuliza ya nyumbani. Leo moja, kesho jingine. Kila nisilolijua nitalibuni, kwa sababu hadithi haitakiwi kusimama. Wewe utaniamini kwa kuwa unatamani. Yule aliyetoka na kikapu hakubishii tena, kwa hiyo mimi nitamshinda. Utafika siku utanikumbuka mimi badala yake."

"Sitafika."

"Wewe ni mbishi, lakini ni mpweke pia. Mpweke hafiki mbali na ubishi."

Simu ilikuwa bado wazi. Atuganile alimsikia Evodi akianza kuandika: mibofyo ya haraka haraka, sentensi ndefu. Kisha kitufe kimoja kikibonyezwa tena na tena, kile cha kufuta, hadi sentensi nzima ikaisha.

"Nilitaka kumwandikia," alisema kwenye simu, kwa sauti ya chini. "Lile neno la mlangoni. Nikiliandika, atalijua, na kesho atalisema vizuri kuliko nilivyolisema. Basi halitakuwa la mlangoni tena."

"Mwalimu..."

"Libaki kwangu. Toa kidole chako kwenye hiyo amri, Mlezi. Najua umekiweka."

*

Kapteni Bulongo na Mama Hewa walitoka langoni kwa mara ya mwisho jua likiwa limegusa misonobari.

Waligombana njia nzima. Walianza na Dunia, kama iko kulia kwa anayekwenda au kwa anayerudi. Wakahamia mwaka wa vumbi na meza, na urefu wa meza, na nani alilia zaidi. Kwenye bustani ya mchicha Melania alisema Wahaya hawajui kupika ndizi, na Evodi alimjibu maneno mengi, mengine ya Kihaya, ambayo Maktaba Kuu itahangaika nayo siku zijazo. Pendael alikuja kusoma juu ya bega la Atuganile, akacheka kwa sauti, kisha akajifuta pua na kusema baridi ya huku mbaya.

Wakafika Tangi. Evodi hakusema, "Naishia hapa." Aliandika kwamba Kapteni alikuwa anaangalia kokoto. Aliandika kwamba upepo umetulia, na mwezini hakuna upepo. Akaandika kwamba wanaendelea kidogo.

"Kapteni, tumepita Tangi," aliandika Melania.

"Najua."

"Anayesindikiza akipitiliza anakuwa msafiri. Nawe hujafunga mzigo."

"Najua, mwanamke! Niache nitembee."

Alimwacha. Walitembea sentensi nyingine tatu nne, na hakuna aliyebisha neno. Atuganile aliuma kidole chake. Jua lilikuwa limebaki kipande. Hakumhimiza, na hilo ni jambo ambalo mpaka leo anajivunia, ingawa hajamwambia mtu.

"Naishia hapa, Melania," Evodi aliandika. Hakuandika Mama Hewa.

"Nashika njia, Evodi."

Jina la kijivu likafutika. Palipokuwa na majina matatu palibaki mawili, na nafasi iliyobaki wazi ilionekana kubwa kuliko jina lenyewe. Kwenye simu hakukuwa na kilio. Kulikuwa na kiti kinachosogezwa, na maji yakimiminwa kwenye glasi, na mzee akinywa.

Wawili wa mwisho, kwa adabu ya baraza, husindikizana, kisha kila mmoja hushika njia yake. "Mwalimu," Atuganile aliandika, "twende?"

"Dada," Pendael alinong'ona, "taa za geti zimeshazimwa."

"Ulinisemea, Atuganile," Evodi alisema kwenye simu. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tangu awe mlezi.

"Nilikusemea, Mwalimu."

"Kama mke wangu asingesimama, ningejua?"

"Usingejua."

"Na kesho ungenipigia kunipa pole ya mtandao kukatika. Kwa sauti hiyo hiyo."

Atuganile alitaka kutaja wodi ya Mbeya, na hadithi, na watu wote wale. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. "Kwa sauti hii hii," alisema.

"Nilikuwa tayari kuwachomea watu nyumba yao kwa ajili ya kiti kimoja, kwa hiyo sina pa kusimama nikuhukumu. Lakini nina hasira. Kata simu, uje barazani. Uliyofanya yaandike kwa mkono wako, kwa jina lako, nje ya hadithi. Huko maktaba wajue baraza lilivyofungwa, siyo wafikirie tulikuwa malaika."

Akakata. Atuganile aliandika. Aliandika kwamba yeye, mlezi, alimtoa mtu hai na kumweka mtambo mahali pake, akijua. Hakuongeza sababu. Kosa moja la herufi aliliacha kwa kukosa muda wa kulisahihisha.

Jibu lilikuja hapo hapo. "Nimesoma. Hasira haijaisha. Twende nayo hivyo hivyo."

Wakatoka langoni, Kapteni Bulongo na Nesi Tamali, mhusika aliyekuwa wa Atuganile tangu wodini. Kapteni alimgombeza hadi bustanini. Nesi aliomba radhi, akaambiwa radhi zake zina haraka kama chanjo. Alijibu kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeifungia kliniki mlango. Hapo Kapteni akakiri kwamba ndiyo, mlango aliufunga yeye. Mambo hayo hakuna mtambo ambao ungeyaandika. Nje ya dirisha la ukumbi jua lilikuwa limebaki uzi mwekundu tu.

"Tangi hili hapa," aliandika Evodi. "Wiki hii usinipigie."

"Sawa, Mwalimu."

"Wiki ijayo nipigie. Nitakuwa sijamaliza kukugombeza."

"Nitapiga."

"Naishia hapa. Na nashika njia."

Jina lake likafutika. Atuganile alibaki peke yake kwenye ukurasa alioufungua kwanza akiwa chini ya shuka la hospitali, na kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko ulivyomchukua Evodi, hakutaka. Pendael hakumkumbusha umeme. Alimwekea mkono begani na kuuacha hapo.

"Naishia hapa," aliandika. "Nashika njia."

Kufuli likafunguka, na hadithi ikaanza kutoka, mwaka baada ya mwaka, kwa kasi isiyosomeka, hadi ule wa mwisho wenye Kihaya kingi na kosa moja la herufi. Umeme ulipokatwa, barazani hakukuwa na mtu.